Sauti Ilitoka Huku

Mgeni alishuka kwenye bodaboda kule barabarani, akaja kwangu kwa miguu. Nilipenda hilo. Vijana wengi huingia na pikipiki mpaka katikati ya vifaranga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu, vuta kigoda."

Alisema anaitwa Herman. Alikuwa depo moja na mjukuu wangu Jilala walipokuwa wanajifunza uaskari, na sasa yuko safarini kwenda Segese, akaona si vizuri apite hapa kwetu Didia bila kunisalimia.

Niliposikia jina la Jilala niliweka kisu chini. Nilikuwa namenya viazi vitamu vya kukatakata na kukausha viwe michembe. Tangu jirani yangu Sesilia aliposikia habari kwenye redio sikuwa nimelala vizuri. Walisema kituo cha jeshi kule kusini, mpakani, mahali pa mbali kando ya mto, kimevamiwa alfajiri na wapiganaji wanaojificha msituni. Askari kadhaa wamekufa. Jilala alikuwa kwenye kituo hicho. Nikipiga simu yake, haipatikani. Hakuna aliyekuja kunipa pole, na hakuna aliyekuja kuniambia nishukuru.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, bibi."

"Kaumia?"

"Hana hata mkwaruzo."

Nilifunika uso kwa kanga nikamshukuru Mungu. Lakini nilipoufunua nilimkuta Herman ananitazama, na hakuwa anatabasamu. Alilitamka lile neno la mkwaruzo kama mtu anayetaja kosa.

Nilimpikia michembe iliyokauka tayari, nikaunga karanga. Alikula vizuri, akaosha bakuli lake mwenyewe, akaninyang'anya ndoo na kwenda kunichotea maji bombani. Mtu wa namna hiyo unatamani kumwamini. Ila maswali yake yalinisumbua. Aliniuliza Jilala alipokuwa mwanaapolo, mchimba dhahabu, kule Segese, kabla ya jeshi, alikuwa anaingia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, na nani. Je, walikuwepo watu wa kutoka kusini? Bado wanapigiana simu? Mara ya mwisho Jilala aliponipigia, alisema lolote kuhusu siku ya tukio?

"Wewe ni rafiki yake," nikamwambia. "Hayo si angekueleza mwenyewe?"

"Jilala si msemaji, bibi."

Jilala si msemaji? Mtoto huyu alikuwa anaongea hata na mbuzi. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kila nilipokuwa namtumia michembe jeshini, alikuwa anaigawa, mpaka wenzake wakaacha kumwita kwa jina lake. Wote wanamwita Michembe. Alinieleza mwenyewe kwenye simu akicheka. Herman alikuwa amekula bakuli zima mbele yangu bila kulitaja jina hilo hata mara moja.

Nikajua ametumwa. Sikujua na nani.

Alisema amechoka, anaomba kupumzika kidogo. Nikamwonyesha kivuli karibu na kibanda cha Jilala, nikabeba ungo wangu kwenda kwenye mwamba ninapoanikia. Huko mwambani, nikipanga vipande juani, ndipo liliponijia wazo baya. Hana hata mkwaruzo. Wenzake wamekufa, yeye hana mkwaruzo, na mtu anakuja kuuliza marafiki zake ni akina nani. Nimemlea Jilala tangu baba yake, mwanangu Marcel, alipofukiwa na kifusi huko huko machimboni. Nilimwogesha, nikamfundisha kusalimia. Lakini machimboni watu ni wengi, wa kila namna, na mimi sikuwa nao. Je, kama kuna mtu alimwambia aondoke siku ile? Nilijaribu kulifukuza wazo hilo. Likakaa.

Ndipo nikasikia mwano.

Kwetu mtu akipatwa na hatari anapiga mwano, kilio kirefu cha juu. Aliye karibu akisikia anakipokea na kukipaza zaidi, mpaka kijiji kizima kijue. Ukisikia, unatoka. Huulizi ni nani wala kuna nini, unakimbilia sauti inakotoka. Asiyetoka, sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wanamtoza faini, na akirudia anatengwa. Hata moto wa kuwashia jiko hapewi. Tunawafundisha hilo watoto wakiwa bado hawajui kufunga vifungo vya shati.

Basi nilikimbia. Miguu yangu si ya kukimbia, lakini nilikwenda, kisu cha viazi mkononi, nikawaachia mbuzi michembe yote. Njiani nilimkuta Rebeka, tumbo lake la mimba mbele, mikono imejaa unga. Mzee Sostenes alikuwa ametoka bafuni na kikoi, povu la sabuni limejaa kichwani na jicho moja amelifumba. Watu walikuwa wanatoka kila upande na fimbo. Sauti ilikuwa inatoka kwa Sesilia.

Sesilia alikuwa amesimama kwenye ua wake akinyoosha kidole kuelekea kwangu.

"Mama Marcel, mgeni wako kaingia kwenye kibanda cha Jilala. Nimemwona dirishani anapekua godoro."

Niligeuka kurudi kwangu, lakini sungusungu walifika kabla yangu. Herman walikuwa wamemkalisha chini mlangoni, miguu imenyooshwa, mikono kichwani. Kamanda wao Maduhu alikuwa amemsimamia na rungu. Karibu na miguu ya Herman kulikuwa na kofia ya Jilala ya machimboni na picha yake na baba yake.

"Sema wewe ni nani," Maduhu akamwambia, "maana hawa vijana wangu hawajala tangu asubuhi na wana hasira."

"Mfuko wa shati," Herman akasema kwa utulivu. "Kitambulisho kiko hapo."

Maduhu akakitoa, akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Akashusha rungu.

"Mtu wa jeshi. Mchunguzi."

Hakuna aliyeondoka. Nikasogea mbele.

"Nilijua hukuwa rafiki yake," nikamwambia. "Rafiki zake wanamwita Michembe. Sasa niambie ukweli, na uwaambie na hawa, maana wameshakuja."

Alinitazama, kisha akatazama kile kisu mkononi mwangu. Nikampa Rebeka anishikie.

"Bibi, asubuhi ile Jilala alikuwa lindo, getini," akasema. "Kabla ya risasi ya kwanza aliacha lindo akatoka nje. Geti likabaki wazi, wakaingia. Wamekufa vijana wanne. Yeye tulimkuta mbali, vichakani, mzima. Tukimuuliza kwa nini alitoka, anasema alisikia kuna mtu anapiga kelele. Basi. Hana jibu jingine. Wakubwa wanasema hakuna askari anayeacha geti kwa sababu ya kelele. Wanasema aliwafungulia. Nikirudi bila jibu, atashitakiwa kwamba amewauza wenzake."

Rebeka akajisogeza karibu nami.

"Kelele za nani?" nikauliza.

"Mwanamke wa kijiji cha jirani. Wavamizi walimfunga kwenye mkorosho wakamtesa ili alie. Ulikuwa mtego. Jilala alimkuta akamfungua kamba, huyo mama mwenyewe amesema hivyo. Ndilo linalotutatiza, bibi. Giza lile, vichaka vile. Alijuaje mahali alipo? Nani alimwambia?"

Kabla sijajibu, Herman aliacha kunitazama. Alikuwa ameinua macho na kuwatazama wale watu mmoja mmoja, unga wa Rebeka, fimbo, watoto, bibi mmoja kavaa kiatu mguu mmoja. Akafika kwa Mzee Sostenes, ambaye povu lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mzee, uliambiwa ni kwa nani?"

"Niambiwe na nani? Nilikuwa naoga."

"Ulijua kuna nini?"

"Sikujua. Hata sasa sijajua vizuri."

"Sasa umefikaje hapa?"

Mzee Sostenes alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Sauti ilitoka huku."

Sesilia akaguna. "Na asingekuja, mimi kesho ningemnyima moto. Na yeye anajua."

Watu wachache walicheka. Herman hakucheka. Alishusha mikono kutoka kichwani, na Maduhu hakumzuia.

"Wote hufanya hivi?" akamuuliza Maduhu.

"Wote. Mtoto wa hapa akisikia mwano akabaki amekaa, tunasema amelelewa vibaya."

Jilala hakuwauza wenzake. Aliikimbilia sauti kama nilivyokimbia mimi siku hiyo hiyo, kama nilivyomfundisha. Na nyuma yake geti lilibaki wazi, na kuna bibi wanne mahali fulani, labda na wao wana michembe mwambani.

"Huyo mama wa mkorosho," nikauliza. "Anaendeleaje?"

"Anatembea kwa shida. Ila yu hai."

Herman akasimama, akajipangusa vumbi. Akamwomba Maduhu akubali kurudia maneno yake ayarekodi kwenye simu, na Mzee Sostenes pia, baada ya kusuuza kichwa. Wakarudia, mmoja baada ya mwingine, nami nikaeleza nilivyomfundisha Jilala. Alipomaliza aliniambia bila kunificha.

"Hili la kuwauza wenzake nadhani litaondoka. La kuacha lindo litabaki, bibi. Atafungwa."

"Ajibu," nikasema. "Aliliacha geti, ajibu. Lakini asijibu ambalo hakufanya."

Sesilia, aliyempigia mwano muda mfupi tu uliopita, alimletea maji ya kunywa kwenye kikombe chake kizuri, kile cha maua. Herman alirudi kibandani, akatandika godoro vizuri na kuitundika picha mahali alipoitoa. Kisha akaniomba radhi kwa kuniingilia.

Mbuzi walikuwa wamemaliza michembe ya mwambani. Nikaingia ndani, nikachota ya akiba kwenye kihenge, nikafunga kwenye kitambaa.

"Mpe Jilala. Mwambie watu wote walikuja."

"Sijui kama wataruhusu chakula cha nje, bibi."

"Sijakuuliza kama wataruhusu."

Alikichukua kile kifurushi kwa mikono miwili. Tulimsindikiza mpaka barabarani, mimi na Sesilia, na kwa kuwa bodaboda ilichelewa, tulisimama naye hapo mpaka ikaja.