Kriketi ya Mollo na Njia ya Bibi Hellena

Ashura binti Saad alikuwa mtu wa kupanga mambo. Katika duka lake la vipuri vya baiskeli mjini Sumbawanga usingekuta spoki imelala kwenye boksi la minyororo. Kwa hiyo siku mgeni kutoka chama cha kriketi cha taifa alipompigia simu kwamba anakuja kutazama mechi kijijini Mollo, Ashura alipanga kila kitu, na katika kupanga huko akafanya kosa ambalo mtu wa Mollo asingelifanya hata usingizini. Alimwomba bibi kizee asipite njia yake.

Mchezo wenyewe alikuwa ameupata chuoni Dar es Salaam, akaurudisha nyumbani na kuupanda Mollo, kwa kuwa mjini hakupewa hata kona ya uwanja. Kaka yake Fahadi, mwenye lori, alicheka mpaka akakaa chini aliposikia dada yake anafundisha wasichana kupiga mpira kwa gongo kama watu wanaoua nyoka. Lakini wasichana walikuja. Fundi Tadei, anayetengeneza vitanda, akawachongea magongo. Kwa sehemu ya katikati ya kiwanja, ile inayotaka ardhi ngumu na laini ili mpira udunde vizuri, walisomba udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji na kuusiriba kama mama zao wanavyosiriba sakafu. Hapo Ashura hakufundisha kitu, alikaa pembeni akatazama.

Mgeni, Bwana Masunga, alikuwa ameeleza kwenye simu bila kumung'unya maneno. Nchi yetu ni mwanachama katika baraza la kriketi la dunia, alisema, na mwanachama hutakiwa kuonyesha kwamba mchezo unachezwa kweli, wanawake wakiwemo, tena kwa sheria zilezile zinazofuatwa kila mahali. Timu itakayoonekana inacheza kriketi itaingizwa kwenye hesabu ya taifa na kualikwa kwenye kambi ya wasichana Dodoma. Timu inayocheza kitu kinachofanana tu na kriketi, basi, iendelee kucheza kwa raha zake.

Maneno hayo yalimkosesha Ashura usingizi. Nusu ya wasichana wake walikuwa wanamaliza shule mwaka huo. Wasipohesabiwa sasa wangetawanyika, huyu shambani, yule kwa shangazi Mbeya, na Ashura alijijua: hangekuwa na moyo wa kuanza upya.

Sasa, tatizo lilikuwa njia. Ilikatiza kiwanja kutoka nyumbani kwa Bibi Hellena hadi mashine ya kusaga, na Bibi Hellena alikuwa mtu wa kutembea. Mzee kama yule, Ufipa, hapungiwi mkono. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unangoja aitikie. Na Bibi Hellena aliitikia kwa kirefu. Mama yako mgongo umepona? Yule mbuzi amezaa? Kila mazoezi mpira ulisimama na wasichana wote wakawa chini kama kuku waliolalia mayai. Kwao Ashura, watu wa biashara, shikamoo hutolewa huku mkono ukipima mchele, na wote wawili wakaridhika.

Basi akaenda kwa Bibi Hellena na kilo mbili za sukari. Akaeleza habari za mgeni, za baraza la dunia, za sheria. Akaomba, kwa adabu zote, siku hiyo Bibi apite njia nyingine. Bibi Hellena alimsikiliza hadi mwisho akasema, "Sawa, mwanangu. Nitapita njia nyingine." Ashura akarudi mjini akipiga mluzi. Kesho yake akawaonya wasichana kwamba siku ya mechi hakuna kuchuchumaa, hata apite nani.

Siku ikafika, ya mwezi wa sita, na upepo wa baridi wa Ufipa ukavuma kama kawaida yake bila kuuliza nani mgeni. Timu pinzani, ya kijiji cha Mpui, ilikuja kwenye lori la Fahadi ikiimba. Bwana Masunga alishuka amevaa shati jepesi la mikono mifupi, na kabla mechi haijaanza alikuwa ndani ya koti la Fahadi, koti lililommeza hadi vidole. Akakaa kwenye kiti upande wa mashine ya kusaga. Mwamuzi alikuwa Ashura mwenyewe, maana mwingine hakuwepo.

Na walicheza, jamani. Mpui walianza kupiga, wakajikusanyia mikimbio, yaani alama, ya kutosha kuwatia Mollo jasho. Mollo wakajibu, wakakaribia, wakapoteza mpigaji mmoja baada ya mwingine. Mwisho ikabaki hivi: mipira miwili, mikimbio miwili ya kushinda, na wapigaji wa mwisho kabisa ndio wako uwanjani, mmoja wao nahodha Epifania. Akitolewa yeye, mechi imekwisha na Mpui wameshinda. Mrushaji wa Mpui alikuwa nahodha wao Valeria, msichana mrefu mwenye mkono wa kutwanga. Bwana Masunga alikuwa amesogeza kiti mbele. Ashura akamwona anatabasamu, moyo ukamtulia.

Valeria akarusha. Epifania akaupiga mpira ukaenda mbali kuelekea kwenye majani, akaanza kukimbia. Na hapo ndipo Bibi Hellena alipotokea.

Alikuwa ameahidi njia nyingine, na kweli alikuja kwa njia nyingine. Alitokea upande wa kanisani, ambako hakuna njia kabisa, akielekea moja kwa moja kwenye kiti cha mgeni, na kati yake na kiti kile kulikuwa na kiwanja kizima. Nyuma yake walifuata kina mama wa kikundi chake, wamevaa vitenge vya sare, mmoja amebeba kikapu cha maharage kichwani. Mwenda pole hajikwai, na Bibi Hellena hakuwa na haraka yoyote.

Epifania alimwona akiwa katikati ya safari yake, mbali na vijiti vilivyosimikwa huku na mbali na vile vya kule, mahali ambapo mpigaji huwa salama. Ashura alimwomba kimoyomoyo akimbie. Akimbie tu, Bibi angeelewa. Epifania akalaza gongo chini, akachuchumaa, akaanza kupiga makofi.

Mpira ulikuwa umesharudishwa kwa Valeria, naye alisimama kando ya vijiti. Alichotakiwa ni kuviangusha tu kwa mkono wenye mpira, na Epifania angekuwa ametoka. Mtoto mdogo angeweza. Valeria akavitazama vijiti, akamtazama Bibi, akauweka mpira kwenye udongo, akachuchumaa naye. Mollo na Mpui wote wakawa chini, makofi yakasikika kiwanja kizima. Waliobaki bila kuchuchumaa ni Bwana Masunga, aliyekuwa ameinuka kitini ndani ya koti lake, na Ashura.

Bibi Hellena akaitikia kila mmoja. Akapita, akamfikia mgeni, akamkaribisha Mollo, akamkabidhi maharage. Bwana Masunga ni Msukuma, na Msukuma hahitaji kufundishwa mzee ni nini. Aliinama mpaka mikono ya koti ikagusa majani. Kisha akaja katikati ya kiwanja na kikapu chake mkononi, wasichana wakainuka mmoja mmoja.

"Mwamuzi," alisema, "umeamuaje?"

Ashura akavitazama vijiti. Akisema Epifania ametoka, ni uongo, maana vijiti vimesimama. Akisema mchezo uendelee, je, Valeria aviangushe sasa, wakati mwenzake ameinuka kutoka kwenye salamu? Na akisema warudie kwa sababu bibi amepita, mgeni ataandika kwamba Mollo wana kriketi yao ya kijijini. Miaka yote ya kusomba udongo ikampita machoni. Alihisi machozi yanakuja, akakasirika kwa hilo.

Valeria ndiye aliyetangulia kujibu. Kwa mikono yake mwenyewe angeweza kuushika ushindi, na kila mtu pale alilijua hilo. "Mwalimu," alisema, "hata mimi nilikuwa nimeuacha mpira. Nilikuwa namsalimia Bibi."

Ashura akawatazama wale wasichana wa timu mbili, vumbi magotini. "Mpira umekufa," alisema. "Hakuna aliyekuwa akiucheza. Epifania arudi alikotoka, umebaki mpira mmoja."

Bwana Masunga akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo sheria yenyewe. Pande zote mbili zikiuacha mpira, umekufa. Nimesimamia mechi nyingi, sijawahi kuuona umekufa waziwazi namna hii."

Basi Epifania akarudi mahali pake, Valeria akaokota mpira, akaenda nyuma, akaja mbio na kuurusha kwa nguvu zote alizobakiza. Vijiti nyuma ya Epifania vikaruka. Mpui wakashinda, heshima ni heshima na mpira ni mpira. Epifania alicheka, akamkumbatia Valeria, na kina mama wa vitenge wakapiga vigelegele bila kujua nani ameshinda.

Mgeni hakuwazungusha. Timu zote mbili zimeingia, alisema, na manahodha wote wawili wajiandae kwa Dodoma. Fahadi, yule aliyecheka, alipiga honi ya lori hadi mbuzi wakakimbia. Bibi Hellena akamuuliza mgeni kama huko kwenye baraza la dunia watu husalimiana. Bwana Masunga akamwambia wachezaji hupeana mikono mechi ikiisha. Bibi akashangaa sana: ikiisha? Sasa wanaanzaje?

Ashura alingoja watu wapungue, kisha akamwendea Bibi Hellena. Akachuchumaa, akapiga makofi, lakini kwa namna ya mtu wa mjini, kama yuko harusini. Bibi akaishika mikono yake, akaipanga kiganja juu ya kiganja.

"Uliponiambia nipite kwingine sikukasirika," Bibi alisema. "Nilijua una hofu. Lakini mgeni akifika Mollo bila kuniona mimi, akirudi kwao atasema amefika wapi?"

Ashura aliona haya na furaha kwa pamoja, akapiga makofi tena, safari hii taratibu. Bibi Hellena akaitikia. Akauliza habari za mama yake, za duka, za Fahadi na lori lake, na kwa nini Fahadi haoi. Magoti ya Ashura yalianza kuuma, mgeni alikuwa anangojwa mjini, jua lilikuwa linashuka. Akabaki palepale chini, akajibu yote, moja baada ya jingine.