Nafsi-ya-Chiriku

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani, kazini, hata kwa mama yake mzazi, yeye alikuwa Chiriku, na aliyembandika jina hilo hakukosea: siku akinyamaza, watu walimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Jioni akirudi, nyumba inajaa. Majirani, mashemeji, mashangazi wa kuzaliwa na wa kuokota, wote wanabanana sebuleni kumsikiliza akimchambua fulani na fulani, huku mama yake kando akicheka mpaka anashika mbavu. Tangu baba afariki, kicheko hicho ndicho kilichomfanya mama aamke kesho yake. Chiriku alilijua hilo, na hakuna alichokilinda kwa wivu duniani kama kile kiti chake cha ubavuni kwa mama.

Kazi yake ilikuwa kuandika programu. Siku hiyo yeye na mwenzake wa meza ya pili, ambaye ofisi nzima ilimwita Jirani, walikuwa wanajiandaa na matokeo ya mitihani. Matokeo yakitangazwa, nchi nzima hufungua ukurasa mmoja kwa pamoja, kama waalikwa wa harusi kumi wamefikia mlango mmoja. Dawa yake ni kuweka nafasi mapema kwenye seva za kukodi, kompyuta za mbali ziitwazo za wingu, ambazo hata wanaozitumia hawajawahi kuziona. Wala humpigii mtu simu. Unatumia maktaba, si ya vitabu, bali fungu la maagizo yaliyotungwa tayari na wengine. Unayaita kwa majina, nayo yanakwenda kukusemea huko mbali.

Maktaba ina maswali yake. Nafasi iitweje? Iishe lini? Aingie nani: uliyemtaja tu, au yeyote anayelingana nayo? Jina ni lazima. Hayo mengine usipoyajibu, inajijibia yenyewe: nafasi haina mwisho, na mlango uko wazi. Na pale ofisini kila mtu aliipa nafasi jina lake la utani, ili ikileta balaa ajulikane wa kusutwa.

Chiriku aliandika huku simu ameibana begani.

"Shangazi, usiniambie! Kaolewa tena?"

"Na yuleyule, mwanangu! Yuleyule aliyemwacha!"

"Makubwa! Na mahari je?"

"Wewe," Jirani alimtupia, "shangazi na mashine, nani unamsikiliza?"

"Wote wawili. Mungu hakunipa masikio mawili kwa pambo."

Kidole kikaruka herufi. Palipotakiwa *nafasi-ya-chiriku*, akaandika *nafsi-ya-chiriku*. Maswali mengine akayapita, akabonyeza. Jibu likaja kwenye skrini: *Imehifadhiwa.* Chiriku akarudi kwa shangazi.

Baada ya chakula cha mchana Jirani aligeuza kiti. "Mbona nafasi yako imeshakaliwa?"

"Na nani? Sijaweka kitu mimi."

"Basi kuna aliyelingana nayo akaingia. Na tazama ulivyoiandika. Nafsi! Umehifadhi nafsi!" Akacheka peke yake, halafu akaacha.

Kila seva inayofanya kazi hutoa taarifa zake, mstari baada ya mstari, kwa kawaida namba tupu. Hii iliyokalia nafasi ya Chiriku ilikuwa inatoa maneno. *Makubwa! Yuleyule? Ngoja nimweleze mama, leo atakufa kwa kicheko.* Chiriku alisoma, akarudia kusoma. Yalikuwa maneno yake, kwa mkato wake, kwa matani yake. Ila hayo ya mama hakuwa ameyasema. Aliyapanga moyoni, kwa ajili ya jioni.

Simu ikalia. Mama.

"We mtoto, umeacha mtandio wako hapa."

"Mtandio upi? Mama, mimi niko kazini."

"Acha mzaha wako. Si umetoka hapa sasa hivi? Eti kaolewa na yuleyule!" Mama akaanza kucheka upya, kile kicheko cha mbavu. "Utaniua, Chiriku. Rudi mapema, wageni wameanza kuja."

Chiriku akakata simu. "Naifuta hiyo nafasi."

"Subiri kwanza," Jirani alisema. "Ukifuta nafasi, aliyemo hatoki. Anaendelea na kazi zake, ila kwenye orodha haihesabiwi tena kuwa kuna kitu kilichowekwa kwa jina lako. Zima kwanza seva yenyewe, halafu..."

Ulimi wa Chiriku ulizoea kutangulia akili, na leo vidole navyo vikaiga. Akafuta.

Nafasi ikatoweka kwenye skrini. Seva ikabaki, inaandika, inacheka. Akaita agizo la kuizima. Jibu: *Huna ruhusa.* Akaingiza nywila yake upya, herufi kwa herufi. *Hatukutambui.*

"Jirani, jaribu wewe!"

Jirani alikuwa amesimama, anamtazama kama mtu anayetafuta jina la mtu wa zamani asilipate. "Samahani, dada," alisema kwa adabu ambayo hajawahi kumwonyesha. "Unamsubiri nani? Hicho kiti kina mwenyewe."

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani akihema. Viatu vimejaa mlangoni. Kabla hajabisha alisikia sauti yake mwenyewe kutoka ndani, iko kwenye utamu wa hadithi, na watu wanaisubiri neno kwa neno.

Mlango ulifunguliwa na mama.

"Mama, ni mimi."

"Karibu, mwanangu, karibu." Mama aliwaita wote mwanangu, hata wauza maji. "Pita ndani, usione haya."

Akapita. Ubavuni pa kiti cha mama alikaa mwanamke mwenye mabega na vidole vya Chiriku mwenyewe. Hakuwa na sura ya kutisha. Hilo ndilo lililomtisha Chiriku. Akakimbilia silaha pekee aliyokuwa nayo: kisa cha siku baba alipomkimbiza jogoo akaangukia kwenye pipa, kisa cha ndani, kisichotoka nje ya familia. Alikisimulia kwa sauti ya kukauka. Watu wakasikiliza kwa heshima. Mama akatabasamu kidogo, kama mtu anayesikia habari za jirani.

"Hujasema jogoo alilia nini," mwanamke yule akadakia, akawika.

Sebule ikalipuka. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, akamwegemea aliye ubavuni mwake, machozi yanamtoka, uso umekuwa wa msichana. Chiriku alifungua mdomo. Kweli ilikuwa ulimini: huyo si mimi, huyo si mwanao. Akautazama uso wa mama.

Akaufunga mdomo.

Akakaa na wageni karibu na mlango, akasikiliza visa vyake vikisimuliwa vizuri kuliko alivyowahi kuvisimulia, mpaka watu wakaanza kutafuta viatu. Mama akamsindikiza hadi kizingitini, akamshika mkono.

"Siku nyingine upite tena, mwanangu," alisema, kwa ile sauti anayowapa watu asiotarajia kuwaona.