Tundu la Kiatu cha Mkunga

Mji wetu ni mdogo, lakini ukimwambia mtu wa mbali kwamba unatoka huku, atakutazama miguuni kwanza. Sisi ndio watu wa viatu. Nyuma ya zahanati kuna banda refu la mabati, na chini yake wamekaa mafundi kumi na watatu, bega kwa bega, kila mmoja na kigoda chake, nyundo yake na kopo lake la gundi. Kiatu kilichokataliwa kwingine kote, kikifika pale kinapona. Watu wanatutumia viatu kwa basi, vimefungwa kwenye mifuko ya nailoni na karatasi ya jina ndani yake.

Na mgeni akivua viatu kwenye mlango wa nyumba yoyote ya mji huu, hatoki na kiatu kibovu. Yeye akiwa anakunywa chai, mtu ameshakipeleka bandani. Hatumuulizi. Kumuuliza ni kama kumwambia, "Nimeona umechakaa," na hiyo ni aibu kwake na kwetu.

Sasa nieleze ya siku ile mkunga alipokuja kututazama.

Zahanati ilikuwa na miezi saba bila mkunga. Aliyekuwepo alistaafu, na mahali pake hakuja mtu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa ameingia mwezi wa tisa, mimba yake ya kwanza. Hospitali ya karibu ni mwendo wa saa tatu kwa gari, gari likipatikana. Mwezi mmoja kabla, jirani yetu alijifungulia njiani, ndani ya pikapu, juu ya magunia ya mkaa. Walipona wote wawili, tunashukuru, lakini tangu mjukuu wangu asikie habari ile, usingizi ulimpaa. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama mtu aliyepakata ndoo iliyojaa. Nilimwambia mambo yatakuwa sawa. Nilisema tu, sikuwa na hakika yoyote.

Ndipo ikaja barua. Mkunga mmoja mzoefu ameambiwa achague kati ya mji wetu na mji mwingine mkubwa. Atafika asubuhi, ataondoka na basi la saa nane mchana, na jibu atalitoa kabla ya kupanda.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati, ambaye kwa sauti yake tunamwita Spika, akaja kwangu mbio.

"Bibi, nyumba yako inatazamana na zahanati. Wewe utampa chai, mimi nitamwonyesha mazuri yetu."

"Mazuri gani?"

"Lami! Taa za barabarani! Saa ya stendi!"

"Saa ya stendi si imesimama, baba?"

"Imesimama kwenye saa nne. Nitampitisha pale saa nne kamili."

Mkunga alikuwa mama wa makamo, mrefu, mchache wa maneno, amevaa viatu vyeusi vya kamba. Spika alimzungusha mji mzima. Alitazama lami, alitazama taa, akauliza swali moja.

"Maji ya zahanati yanatoka?"

"Bomba lipo," akasema Spika.

"Sikuuliza kama lipo."

Spika akakohoa. "Siku nyingine yanatoka."

Walipofika kwangu nilimwona mkunga uso wake umeshafungwa, kama duka. Akavua viatu, akaingia sebuleni, akapewa kikombe. Mimi nikabaki mlangoni, macho yakaanguka kwenye kiatu cha kulia. Pembeni, karibu na kidole gumba, tundu! Tundu la kuingia ncha ya kidole. Nikasema, hapa ndipo tutakapompata. Nikavifunika viatu kwa kanga, nikapitia mlango wa uani.

Fundi mkubwa wa banda tunamwita Nta, kwa sababu vidole vyake vimejaa nta ya uzi. Akakigeuza kiatu mara tatu.

"Limekatika vizuri ajabu, kama limepimwa."

"Msumari huo," akasema jirani yake bila kuinua kichwa.

Nta akaweka kiraka kwa ndani, akashona kwa mishono midogo kama meno ya panya, akapiga rangi. Tundu likapotea kabisa. Banda zima lilikisifu kile kiatu. Nikavirudisha mlangoni, nikakaa kumsubiri mgeni wangu afurahi.

Mkunga akamaliza chai, akaja kuvaa. Kimoja kikaingia vizuri. Cha pili akaingiza mguu, akasimama, akafumba macho.

"Nani amegusa kiatu changu?"

Nikasema, "Kilikuwa na tundu, mwanangu."

"Tundu nilikata mwenyewe, kwa wembe! Nina mfupa umetoka hapa, unapita pale. Wiki nzima nilikuwa natafuta panapouma, ndipo nikate."

Akajaribu hatua mbili, akachechemea, akakivua. Chumbani nikasikia mlango ukifungwa, kisha mjukuu wangu analia, ameziba mdomo kwa mto ili tusisikie. Tulisikia.

Mkunga akanitazama. "Ni nani aliyekichukua?"

"Mimi ndiye niliyekipeleka. Hakuna aliyenituma."

"Na aliyekishona?"

"Yuko nyuma ya zahanati."

"Nipeleke."

Akavaa ndala zangu, ambazo ni fupi, visigino vikabaki nje, akakibeba kiatu kwa kamba kama panya aliyekufa. Njiani Spika alinivuta mkono. "Bibi, tuseme ni fundi mpita njia, ameshaondoka." Nikamwambia anyamaze. Aibu niliyokuwa nayo ilinitosha.

Pale bandani mkunga akainua kiatu juu. "Nani ameshona hiki?"

Nyundo zote zikanyamaza. Nta akaweka sindano chini, akasimama. Ni mtu wa majivuno yule, nilidhani ataanza ubishi.

"Mimi. Niliona tundu limekatwa kwa makusudi, sikujiuliza kwa nini. Kosa langu."

"Mimi ndiye niliyesema msumari," akasema jirani yake, naye akasimama.

"Ngozi ya kiraka nimetoa mimi," akasema wa tatu.

Wa mwisho kabisa, kule pembeni, akainuka pia. "Mimi sikufanya kitu, mama. Ila nilikisifu sana."

Mtu akacheka. Mkunga akabana midomo, ikamshinda. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Kule ninakotoka," akasema, "mama mmoja alipewa dawa isiyo yake. Niliuliza wiki mbili, ni nani aliyempa? Tulikuwa watu ishirini na mmoja. Hakuna aliyejua chochote. Ndiyo maana nilifunga mizigo."

Nta akapiga goti, akaomba mguu, akaupapasa ule mfupa taratibu.

"Unasimama saa ngapi kwa siku?"

"Kumi na mbili. Mtoto akikataa kutoka, zaidi."

Akafumua mishono yake yote. Akalowesha ngozi, akaivuta juu ya kalibu, ule mfano wa mguu wa mti, aliyoibandika kinundu, akaigonga polepole mpaka ikajitunisha, ikamfanyia mfupa kitanda. Kazi hiyo haiharakishwi. Basi likapiga honi stendi, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Mama mkunga, basi!" Spika akapiga kelele.

"Nimelisikia."

Likapita barabarani na vumbi lake. Hakuligeukia.

"Yule binti anayelia nyumbani kwako ana miezi mingapi?" akaniuliza.

"Tisa, mwanangu."

"Kamlete. Na kati yenu, nani anajua kutengeneza bomba?"

Mikono minne ikainuka. Nikaenda kumchukua mjukuu wangu, tukavuka barabara, macho yamemvimba. Mkunga alikuwa ameshafungua madirisha ya zahanati, ananawa kwa maji ya ndoo mpaka viwikoni. Akamlaza, akaweka viganja juu ya tumbo, akainama kusikiliza. Mimi nikasogea nami nione, nikamziba mwanga.

"Kichwa kiko chini, amekaa vizuri kabisa," akasema. "Bibi, toka nje."

"Nataka tu kuona kama..."

"Toka nje, bibi. Hapa kuna kazi."

Akanifungia mlango usoni. Tangu nizaliwe sijafukuzwa mahali nikafurahi namna ile. Nikakaa kwenye ngazi, na kwa ndani nikamsikia mjukuu wangu akiuliza swali, akijibiwa, akiuliza jingine.