Gari Lisilofunguka kwa Ndani

Kitu cha kwanza alichokiona binti mshona ngozi asubuhi ile karakanani ni tairi la mbele la gari lililobonyea kidogo. Siku zote lilijazwa upepo kabla wageni hawajaja kutazama. Akajua kabla ya kuambiwa: gari limekufa.

Lilikuwa gari la maonyesho, la pekee, refu, jeusi, lenye taa za mviringo na madigadi yaliyovimba kama ya magari ya enzi za mababu. Wakubwa wa kiwanda walilisifu mwaka mzima, kisha wakasema halitaundwa jingine. Livuliwe ngozi na mbao, bati lisagwe.

Ngozi alishona yeye. Mbao alichonga seremala, na kazi ya seremala ilikuwa inaisha siku hiyo pamoja na gari.

Karakana nzima ilimwita binti yule Kimya. Mwaka mzima alikuwa kwenye viti, seremala kwenye dashibodi, bega kwa bega, na maneno yao yote yasingejaza kisosi. "Nipe mkasi, dada." "Huu hapa."

Wakaingia garini wote wawili kufungua skrubu. Dereva wa winchi akapita, akausukuma mlango. Pa! Ndani hamkuwa na vitasa. Gari la kutazamwa tu, vya nini?

"Tufungulie, wewe!" seremala akagonga kioo.

"Fungishaneni ndoa humohumo!" Dereva akacheka, akaenda zake. "Kimya kingi kina mshindo, leo tuusikie!"

Seremala naye alicheka. Akabandua ubao wa mwisho taratibu.

"Nimepata kazi mbali, dada. Naondoka na basi la mchana." Akamtazama kama mtu aliyepiga hodi, anangoja kukaribishwa.

Binti akageuza uso. Akainamia mshono wa kiti, akaukagua kana kwamba umefumuka.

"Safari njema," akasema.

Dereva aliporudi kufungua, seremala alitoka na mbao zake kwapani. "Haya dada, tuombeane heri."

"Na wewe hutoki?" dereva akauliza.

"Bado viti vya nyuma. Nifungie."

Dereva akashangaa, akafunga. Viatu vya seremala vikasikika sakafuni, vikafika lango kuu, vikapotea. Kwenye dashibodi yalibaki matundu ya skrubu. Binti akayatazama moja moja.

"Mimi si dada yako," akasema kwa sauti. "Sema twende, nakuja."