Samaki wa Mama Wadogo

Mashangazi wote walikwisha kupata samaki wao kifuani. Mama wadogo, hata mkia hawajauona. Hapo ndipo taabu ya arusi ya Chancelle ilipokaa, ikatandika na mkeka.

Syntiche hakupanga ubaya. Yeye ni dada mkubwa wa bibi arusi, na katika avenyu yao pale Kalemie ndiye fundi wa kushona mwenye mashine ya kudarizi, ile inayoongozwa na kompyuta. Unachora samaki kwenye kioo, unaunga waya, na sindano inamfuata samaki yule toka kichwani mpaka mapezini bila kukuuliza neno. Aliahidi kwamba Jumamosi, wakwe wakiteremka na mashua kutoka Moba, watakuta wanawake wa ukoo wamevaa blauzi za kikwembe kimoja, kitenge cha chapa moja, kila mmoja na mukebuka, samaki wa ziwa lao, wa uzi wa fedha upande wa moyo. Mashangazi, dada za baba, walileta vitambaa vyao mapema, akaanza na wao. Ilipofika zamu ya mama wadogo, ndugu za mama, Jumatano asubuhi, programu ikagoma.

Sasa wewe mwenye ukoo, fikiri mwenyewe. Upande wa baba unameremeta, upande wa mama umekaa kama ukuta usiopakwa chokaa. Nani ataamini kwamba ni kompyuta? Watasema Syntiche amekana titi alilonyonya.

Na programu yenyewe haikufa kimya. Ilifunguka vizuri, ikaonyesha sura yake ya maua, Syntiche akatabasamu. Halafu kikatoka kidirisha chekundu chenye Kifaransa kifupi, na puu, ikajifunga. Akafungua tena. Maua, kidirisha, puu. Alizima kompyuta, akaiacha ipumzike, akaiwasha. Maua, kidirisha, puu. Alishuku umeme, akahamishia waya kwenye tundu jingine la ukuta. Akamwomba Mungu kidogo, kwa sauti ya chini, wapita njia wasisikie.

Puu.

"Hodi humu! Samaki yangu imeiva?"

Alikuwa Mama Laurette, kitinda mimba katika ndugu za mama yao, lakini kwa ulimi ndiye mkubwa wa wote.

"Karibu, Mama Mudogo. Samaki yako… bado iko ndani ya maji."

"Ya Shangazi Emérance niliiona jana, alikuja kunionyesha mupaka mulangoni. Ilikuwa imekauka vizuri kabisa. Yangu njo inaogelea?"

"Mashine inakataa, Mama. Haki ya Mungu."

"Mashine!" Laurette alijikalisha kwenye kiti cha wateja, akapanga vikwembe vyake. "Kwa hiyo mashine njo inachagua ukoo. Ilikula upande wa baba, ikashiba?"

Syntiche alitaka kucheka, machozi nayo yakataka kupita mlango uleule.

"Kitendawili," akasema Laurette.

"Mama, leo sina kichwa."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Namulisha uzi siku nzima, lakini anayevaa ni mwingine."

"Sindano."

"Ona! Kichwa iko. Ita fundi basi, tuanze kutafuta."

Fundi wa kompyuta alikuwa Ghislain, baba wa mapacha, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Alikaa, akafungua programu, na kidirisha kilipotoka akakisoma kwa sauti: leseni haitambui mashine hii.

"Haitambui nini?" Syntiche alikuja juu. "Kompyuta ni hiyohiyo! Na leseni niliinunua kwa muchuuzi wa Kigoma, na namba zake zote. Sikuiba!"

"Hakuna aliyesema umeiba, Mama Syntiche. Nauliza kama munganga: maumivu yalianza lini?"

"Leo asubuhi. Jana ilikuwa inashona Emérance."

Ghislain aliangalia tarehe kwanza, maana kompyuta ikisahau tarehe, leseni hujiona haijazaliwa bado, au imekwisha kuzikwa. Tarehe ilikuwa sawa. Akaangalia kama kinga ya virusi imemeza kipande cha programu. Haikumeza. Syntiche akasema, basi ifute, tuiingize upya. Ghislain akamzuia kwa mkono mzima, kama mtu anayezuia mtoto barabarani, akampigia mchuuzi wa Kigoma, sauti nje wote wasikie.

"Leseni yenu ni hai, dada," alisema yule mchuuzi. "Lakini ni ya mashine moja tu. Lazima iachiliwe na mashine ileile iliyoipokea. Mkifuta programu kabla ya kuiachilia, leseni inabaki imefungwa, na wenye programu huko kwao wanachukua hata wiki mbili kujibu."

Arusi ilikuwa Jumamosi.

"Mashine ileile," Syntiche alirudia. "Na hii ni nini? Ni mbuzi?"

Mama Laurette alipiga makofi. "Programu yako namujua tabia! Iko kama bwana mumoja wa kule kwetu: bibi akivua kilemba tu, anamuuliza, wewe nani umeingia humu?"

Ghislain alicheka, kisha kicheko kikakatika katikati. Aliigeuza kompyuta ubavu, akaomba mwanga. Pale pembeni, upande usio na waya wa kudarizi, kulikuwa na matundu matatu ya kuchomeka vitu. Mawili yalikuwa yamejaa mavumbi ya nyuzi, ya fedha na ya bluu, yameshindiliwa kama pamba kwenye mto. La tatu lilikuwa safi.

"Hapa kulikaa nini?"

Syntiche akaziba mdomo.

Hapo palikaa modemu ya Papa Salomon, jirani mwenye mashine ya fotokopi. Mwaka jana, siku ya kuingiza programu, alimwazima ili avute mtandao. Mtandao ule uliisha siku nyingi, lakini modemu ikabaki pale imechomekwa, kama hereni iliyosahaulika sikioni. Sasa, nyumba yenye arusi haiweki vya watu. Mwenye sufuria akija kuidai mbele ya wakwe, aibu ni ya ukoo mzima. Kwa hiyo Jumanne jioni Syntiche alipita avenyu yote akirudisha: sufuria, viti, kinu, na modemu. Na kwa kuwa cha mtu hakirudi kikavu, aliiweka juu ya sahani pamoja na samaki wa kukaanga.

"Basi njo hiyo," Ghislain akasema. "Siku ile programu iliangalia kompyuta yako yote ili ipate kuikumbuka. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake ya kuzaliwa. Ikashika namba ya modemu, ikasema: huyu ndiye. Umeitoa, haikujui tena."

Mama Laurette alicheka mpaka akashika ukuta. "Adabu yako njo imetuvua nguo! Muntu anarudisha vya watu mupaka anarudisha na sura yake!"

Syntiche alikuwa ameshatoka mbio. Kwa Papa Salomon palikuwa pamefungwa. Alikuwa ameenda Niemba kuvuna karanga. Akampigia simu.

"Papa Salomon! Modemu iko wapi?"

"Niko nayo, mwanangu! Ndani ya mufuko ya koti. Nilitia mtandao mupya, nijaribu kama huku inashika. Asante ya samaki, tuliimaliza njiani."

"Usiitupe, Papa! Bila hiyo mama wadogo hawatapata samaki!"

Papa Salomon akateremsha sauti.

"Syntiche… samaki ya mama wadogo njo tulikula?"

Ilichukua muda kumweleza, naye Laurette, aliyekuwa amemfuata, akidakia kutoka nyuma kwamba ndiyo, aliila, na mifupa airudishe. Papa Salomon akaapa kwamba kesho asubuhi anapanda pikipiki.

Na alifika kweli, Alhamisi, mwekundu wa vumbi mpaka kope, na kifuko cha karanga begani. Kwenye atelie, chumba cha kushonea, mama wadogo walikuwa wamekwisha kukaa safu nzima ukutani, vitambaa magotini, wanasubiri kama wagonjwa. Papa Salomon alitoa modemu kwa mikono miwili. Ghislain akaichomeka. Maua. Wote wakangoja kidirisha. Hakikuja. Ukaja ukurasa mweupe, na katikati yake mukebuka, mzima, na jicho lake.

Vigelegele vilitikisa mabati. Syntiche aliunga waya, akaweka blauzi ya Mama Laurette, sindano ikaanza kukimbia. Ikashona kichwa. Ikashona tumbo. Halafu taa ndogo ya modemu ikapepesa, na puu, sindano ikasimama, samaki hana mkia.

"Sasa hii ni ya Laurette au ni ya paka?" akauliza mmoja ukutani.

Ghislain aliitingisha modemu kwa kidole. Ilikuwa imelegea, njia ya Niemba ilikuwa imeitwanga mfukoni. Ukiisukuma kidogo taa inakaa, ukiiacha inazima.

"Tusishone tena nayo," akasema. "Itaharibu blauzi zote. Hebu tuiachilie leseni sasa hivi, ikiwa macho, halafu tuipe kompyuta peke yake, bila modemu."

"Na ikizima katikati?" Syntiche aliuliza.

Ghislain akainua vidole viwili, wiki mbili, na Syntiche akaelewa. Aliangalia samaki asiye na mkia, akaangalia safu ya mama zake. Hao ndio waliombeba mgongoni kwa zamu mama yake alipokuwa sokoni.

"Fanya," akasema. "Papa Salomon, wewe njo unajua tabia yake. Shika hapa, usitikisike."

Papa Salomon akaishika modemu kwa vidole viwili, akakaza shingo. Programu ikafunguka. Ghislain akaingia ndani, ukurasa kwa ukurasa.

"Pua inaniwasha," akanong'ona Papa Salomon. "Ni vumbi ya njia."

"Papa, tafadhali!"

"Iko inakuja…"

Mama Laurette aliruka kutoka kitini, akambana pua kwa ncha ya kilemba chake. Mzee akatoa macho. Ghislain akabonyeza. Duara ndogo ikazunguka, ikazunguka, watu wakazunguka nayo kwa macho. Halafu maandishi ya kijani: leseni imeachiliwa.

Chafya iliyofuata iliangusha mkasi mezani.

Ilibaki kuivuta upya. Syntiche akaleta waya wa kuunga simu, Ghislain akakataa. "Simu ikipitia kwenye waya, programu itaihesabu nayo. Kesho nikiondoka na simu yangu, munaanza kulia tena." Akaiweka simu mbali na waya, akaipa kompyuta mtandao wa simu hiyo kwa njia ya hewa tu, akaingiza zile namba za Kigoma. Mtandao wa Kalemie ukafanya kama unakuja, ukarudi, ukaja. Kijani. Akaichomoa modemu, akafunga programu, akaifungua tena mbele ya macho ya wote. Maua. Ukurasa mweupe. Mukebuka.

Alizima kompyuta kabisa, akaiwasha. Mukebuka!

Sindano ikarudi pale ilipoachia, ikaenda na mkia. Mchana ule na Ijumaa yote mashine haikupoa. Shangazi Emérance aliposikia, akaja na mashangazi wenzake na mikasi, wakakaa na mama wadogo kukata ncha za nyuzi. Walibishana nani amekata vibaya, wakatafuna karanga za Papa Salomon, wakategeana vitendawili. Laurette alipotega chake, wakashindwa wote, akadai mji.

"Tunakupa Manono!"

"Manono nilishachoka. Nipeni mwingine."

"Chukua Moba basi, na wakwe wote waliomo!"

Na Jumamosi wakwe walishuka. Wanawake wa ukoo walisimama uwanjani safu moja, samaki wote wakiangalia upande mmoja, wanametameta kwa jua. Mzee wa upande wa bwana arusi alikuwa na vikwembe viwili vizuri mkononi, cha kwanza cha shangazi mkubwa, cha pili cha upande wa mama. Aliangalia safu huku na huku. Hakuona tofauti hata ya uzi.

"Shangazi mukubwa," akaita, "njo nani hapa?"

Mama Laurette alitoka mbele akicheza, mabega yakipanda na kushuka, akapokea kikwembe cha kwanza, akashukuru kwa magoti, akaondoka nacho.

"Muizi!" Shangazi Emérance alipiga kelele, anacheka hata pumzi haimtoshi. "Mukamate! Huyo ni wa upande wa mama!"

Akamfuata mbio, ngoma ikawafuata wote wawili, na safu nzima nyuma yao. Mzee wa Moba alibaki peke yake uwanjani na kikwembe cha pili, akitafuta wa kumpa.