Maji ya Magotini

...halafu Padre atauliza ni mara ngapi, huwa anauliza hivyo, mara ngapi mwanangu, na Maximiliana atajibu mara moja tu, Padre, Jumatatu ya Pasaka, saa nane mchana, mwaloni, ufukweni mwa ziwa kule Lamadi, na baada ya hapo itabidi aitaje dhambi yenyewe, na hapo ndipo sentensi inapokatika kila anapoipanga, ameipanga tangu asubuhi dukani akiwatolea watu kopi za vyeti vya kuzaliwa, ameipanga njiani, sasa anaipanga kwenye benchi la kanisa, na mbele yake bado kuna wanawake wawili wa jumuiya na kijana mmoja wa bodaboda aliyeshika kofia yake ngumu mapajani kama sahani, na Mzee Nkinda ambaye tayari yuko ndani, nyuma ya pazia, mzee asiyesikia vizuri na kwa hiyo anaungama kwa sauti ya mnadani, "...nikasema ng'ombe huyo simjui, Padre, na kumbe namjua..." na benchi zima linatazama dari kwa adabu, Maximiliana naye anatazama dari, anaona bati lilipotoboka na mwanga mdogo unaoingia, anawaza kwamba mzee ana bahati, dhambi yake ina pembe na mkia, inaelezeka.

"Maxi, unanisikia?" Anyesi anamnong'oneza pembeni, bega lake limegusana na lake, "kesho uanze na ile sehemu ulipopiga magoti, usianze na basi, watu hawataki habari za basi," na Maximiliana anatikisa kichwa, ndiyo, kwa sababu kesho baada ya misa ya pili vijana wote wa parokia watakusanyika ukumbini, na Danford mwenyekiti amemwomba atoe ushuhuda, jinsi sala ya rafiki ilivyomtoa rafiki kwenye maji, Danford amekwisha kuandika kwenye ubao wa matangazo kwa chaki ya rangi, Ushuhuda, dada Maximiliana, na jana alipopita pale alilisoma jina lake taratibu kama la mtu wa kigango kingine. Anyesi anaendelea kunong'ona, kuna kitu kuhusu sare za kwaya, kuna kitu kuhusu soda, hamsikii vizuri, ni Anyesi yuleyule wa tangu kidato cha kwanza, wa kwenda naye gulio la Dutwa kuchagua magauni ya mitumba na kurudi bila gauni, wa siku ile walipokwenda Malampaka kuona treni kwa sababu Anyesi alikuwa hajaona treni maishani mwake, wakakaa stesheni tangu saa tatu mpaka jua linaelemea, wakala karanga zote, treni haikuja, na Anyesi akasema haidhuru, reli tumeiona, wakacheka mpaka mwenye kufagia stesheni akauliza kama ni wazima... na siku hiyo hiyo wakirudi Anyesi aliuliza ghafla, Maxi, wewe ukisali unasikia kitu, na yeye akajibu nasikia amani, akajibu upesi, kama mtu anayejibu kwamba ameshakula, ukweli ni kwamba hasikii kitu, hajawahi, anasali kama anavyofunga duka jioni, kwa mpangilio, na hakuwahi kuona ubaya wake.

Kwa hiyo ile siku, Pasaka, vijana arobaini kwenye basi moja, Danford amesimama mlangoni akirudia kwamba hakuna kuingia majini, kuna mamba, kuna kichocho, kuna wazazi wenu, na wote wakaitikia ndiyo mwenyekiti, na kufika tu Anyesi akavua viatu, mtoto wa Ngulyati, mtoto wa mashamba ya pamba, maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya lambo wanaponywesha ng'ombe, akaingia akicheka mpaka kiunoni, akageuka kupunga mkono, na chini ya miguu yake mchanga ukaisha. Hivyo tu, hakupiga kelele, watu wanadhani anayezama hupiga kelele, Maximiliana alijua kwamba hapigi, alijua kwa sababu mpaka miaka tisa alilelewa na bibi yake huko huko kando ya ziwa, Busega, kabla mama hajamchukua kuja mjini Bariadi, na huko alikuwa anaogelea na binamu zake kila siku inayoletwa na Mungu, anavuka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, anapiga mbizi na kuibuka na mchanga kiganjani kuonyesha kwamba amefika chini. Kule shuleni hakuna aliyemuuliza, naye hakusema, kwani mtu anasema ili iweje, mimi najua kuogelea, katika mji ambao mto wake msimu wa kiangazi unauvuka na soksi zako.

Akaona kichwa cha Anyesi kikizama, kikaibuka, na mikono yake Maximiliana ikafanya kazi yenyewe bila kumuuliza, ikavua ndala, ikakunja kitenge na kukipitisha katikati ya miguu na kukifunga nyuma kiunoni kama walivyofunga utotoni, akaingia, maji yakafika kwenye vifundo, yakafika magotini, na hapo magotini akasimama. Amelitafuta jambo hili wiki tatu, amelitafuta kwa utulivu kama mtu anayetafuta risiti iliyopotea, kwa nini alisimama, hakuwa na kinyongo na Anyesi, hawakuwa wamegombana, hakuona mamba, woga nao hakumbuki kwamba aliuona, anachokumbuka ni wazo moja dogo, safi kabisa, kwamba watu wako wengi hapa, mmoja wao ataenda. Basi. Na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi tena ikaenda shingoni, ikavua rozari, na akapiga magoti palepale kwenye maji, akaanza Salamu Maria kwa sauti kubwa, kubwa sana, sauti ambayo hajawahi kuitumia kanisani, na vijana ufukweni wakamwona, wakapiga magoti nao, wote wakisali kwenye mchanga, na midomo yake ikisema utuombee sisi wakosefu macho yake yalikuwa yanahesabu nani ataenda, Danford, hapana, yule wa ngoma, hapana.

Aliyekwenda ni mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa juani, baadaye mtu alimwita Mama Shida, mwanamke mnene, wa makamo, alikuja akikimbia na kanga zake mbili, akapita karibu kabisa na Maximiliana mpaka akammwagia maji usoni, akajitupa, akamshika Anyesi nywele kwa nyuma, akamvuta kama anayevuta wavu, akamlaza kifudifudi mchangani, akamgonga mgongo mpaka maji yakatoka, na watu wakaimba, wakaimba kweli, Danford akaanzisha na wote wakapokea, wakamkumbatia Maximiliana, sala yako, sala yako dada. Yule mama akakamua kanga. Alipokuwa akirudi kwa dagaa wake akasimama mbele ya Maximiliana, akatazama kitenge kilivyofungwa, akauliza kwa upole, "Wewe ni wa wapi?" Akajibu, "Wa Bariadi, mama." Mama akasema, "Haya. Umejifunga kama wa huku," na akaenda zake, hakuna aliyemuuliza jina wala kumpa hata soda, na Maximiliana akakifungua kitenge akakishusha.

"...na mke wangu naye nilimwambia uongo, Padre, huyo huyo ng'ombe..." bado ng'ombe, mmoja wa akina mama wa jumuiya anakohoa, kijana wa bodaboda anatazama simu na kuirudisha mfukoni. Wiki iliyofuata baba yake Anyesi alikuja mjini, Mzee Bujiku, hakubatizwa na hataki kubatizwa, yeye anasema maji yalimtaka binti yake na bado yanamtaka, amemfunga uzi mweusi mkononi ambao Anyesi anauvua akifika kanisani na kuuvaa akitoka, alikuja na jogoo mwekundu chini ya kwapa, akamkabidhi Maximiliana kwa mikono miwili akiwa ameinama, mzee wa umri ule ameinama mbele yake, "Wabeja, ng'wanawane," ahsante mwanangu, akarudia mara tatu, na mama akampika jogoo kwa viazi na Maximiliana akala paja, lilikuwa tamu, alishangaa lilivyokuwa tamu. Na swali linalobaki ni gumu kuliko dhambi, sala ile ilikuwa sala au ilikuwa mahali pa kujificha, na kama ilikuwa ya uongo mbona Mama Shida alikuja, watu walimsikia akisema niligeuka kwa ajili ya makelele ya yule binti, basi Mungu alitumia makelele, au ni masikio tu ya mwanamke aliyekuwa karibu, na Padre atasema nini, atasema woga si dhambi mwanangu, sali rozari moja, ndiyo, rozari, na yeye atatoka hapo mwepesi, na kesho atasimama ukumbini na...

"Nilikuwa najua kuogelea," anasema. Anashangaa kuisikia, imetoka nzima, haijakatika, imemfikia mtu ambaye haikupangwa kwa ajili yake. Anyesi anasema, "Ee?" "Najua kuogelea, Anyesi. Tangu mdogo, kwa bibi. Ningeweza kukufikia. Nilisimama." Bega la Anyesi halijaondoka wala halijasogea, anatazama pazia, na Maximiliana anasubiri kwa utulivu uleule wa wiki tatu, anahesabu hata, atainuka, atalia, atamwambia Danford, kila kimoja anakiona mbali na kidogo. "Nilijua," Anyesi ananong'ona mwishowe, "si kuogelea, hilo sikulijua. Nilipoibuka ile mara ya kwanza nilikuona. Ulikuwa unakuja. Nikasema moyoni, Maxi anakuja, basi nikafunga mdomo nikashikilia pumzi nikusubiri." "Sikuja." "Hukuja." Anyesi anapangusa pua. "Nimekuwa nikijiuliza," Anyesi anasema, taratibu, kama anayeuliza bei, "kwa nini ulipiga magoti ukiwa umeshafika pale. Nikasema labda ndiyo imani yenyewe, mimi sina, nitafanyaje." "Siyo imani." "Sasa najua." Na bila kumtazama, "Kesho usiseme chochote ukumbini. Kwanza niache nikukasirikie. Sijaanza bado."

Sijaanza bado, na hasira hiyo ambayo haijaanza imekaa kati yao kwenye benchi, na Maximiliana anaisikia pumzi ya Anyesi, inaingia, inatoka, ina mafua kidogo, na hapo ndipo, si mwaloni, si siku ya jogoo, si usiku wowote kati ya usiku wote aliolala vizuri, hapo ndipo linapomjia jambo ambalo katika wiki tatu za kujipekua hakulifikia hata mara moja, kwamba Anyesi angekufa, alikuwa amejipekua yeye, amepima sala yake, woga wake, jina lake kwenye ubao, na hakuwahi hata dakika moja kuwaza kwamba Anyesi alikuwa anakufa, Anyesi mwenyewe, mwenye pumzi aliyoishikilia kwa ajili yake, kwamba wangerudi Bariadi na kiti kimoja kitupu kwenye basi na mtu angeagizwa kwenda Ngulyati kumwambia mzee, na anayashika magoti yake kwa mikono miwili, yale yale yaliyosimama majini, anataka kusema nisamehe, lakini ile sentensi ya Padre imepotea yote, mara ngapi, lini, wapi, na mbele yake bado kuna wanawake wawili wa jumuiya na kijana wa bodaboda, na nyuma ya pazia Mzee Nkinda anauliza kwa sauti, "Unasemaje, Padre?"