Viti vya Sebule ya Malkia

Mimi ni fundi makochi, na sioni haya kusema kwamba siku ya kwanza nilipoingia sebule ya malkia nilisahau kufunga mdomo. Dari limenakshiwa kwa dhahabu, vioo ni virefu kuliko mlango wa kwetu, na viti sita vimechongwa maua hadi miguuni. Nilivipapasa kimoja kimoja, roho ikasuuzika. Aliyevichonga hakuwa na haraka hata kidogo.

Vitambaa vyake viling'olewa zamani, hakikubaki hata kipande. Shahidi pekee alikuwa picha kubwa ya rangi ukutani: malkia amekalia kimojawapo, cha kijani. Mjomba wangu, anayesafisha picha za jumba hilo, ambalo sasa ni makumbusho, kwa vijiti vya pamba, alinionya mapema.

“Mama, ngoja kwanza niifikie hiyo picha.”

“Kwa mwendo wako huo, mjomba, viti vitaota mizizi!”

Mkuu wa makumbusho aliponiuliza rangi ya vitambaa vipya, nikamwapia ni kijani. Kitambaa cha mahameli kikaagizwa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kifalme, na nikiivuruga, ndiyo basi tena.

Nilimaliza kiti kimoja, kikapendeza hadi nikakizunguka mara tatu. Ndipo mjomba akaniita kutoka juu ya ngazi. Pamba yake ilikuwa ya manjano kwa vanishi kuukuu aliyoiondoa kwenye picha. Pale alipopasafisha, kiti cha malkia kilikuwa buluu. Kumbe umanjano wa vanishi ndio uliokuwa ukiigeuza buluu kuwa kijani. Buluu ile ilikuwa imekolea, nzuri mno, nikaipenda kabla sijaanza kuogopa.

Nikamwita mkuu mimi mwenyewe, nikamwambia kosa ni langu. Akamgeukia mjomba.

“Mzee, si uiache tu hapo ulipofika, upapake tena vanishi? Nani atajua?”

Mjomba alinitazama mimi. Ningeitikia kwa kichwa tu, kazi ingebaki yangu.

“Aendelee kusafisha,” nikasema. “Mimi nafumua.”

“Fumua. Lakini hiyo buluu ataiweka fundi mwingine,” akasema mkuu.

Iliniuma, nisiseme uongo. Nikapiga magoti, nikaanza kung'oa misumari. Mjomba akashuka kuja kunisaidia.

“Rudi juu, mjomba,” nikamwambia. “Safisha. Nataka nikione kiti chote cha malkia hapo pichani kabla sijaondoka.”